Safari ya Makete Niliyoifanya Akalla

Mwaka niliougua, kila mtu wa Kiswahili pale Akalla, pembezoni mwa Stockholm, aliamini niko kwetu Makete. Mimi nilikuwa ghorofa ya tano, nyumba ile ile ya siku zote, pazia limefungwa. Miezi saba. Naandika haya kwa sababu najua kuna mwingine sasa hivi amejifungia vile vile na amewaambia watu kasafiri. Habari za kidaktari sitakupa, daktari unaye. Nitakwambia nilichofanya mimi, cha maana na cha kijinga.

Shule niliishia darasa la nne. Nilikuja Sweden, mji wa Södertälje, nikimfuata mume aliyeletwa kujifunza kazi ya malori. Akaondoka yeye, nikabaki mimi na mtoto mgongoni. Nikasafisha ofisi za watu mpaka nikawa na kampuni yangu ya usafi, wafanyakazi kumi na mmoja, gari mbili zenye jina langu ubavuni. Hakuna aliyenishika mkono. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Au tuseme najisifu, lakini ujue anayezungumza nawe ni mtu wa namna gani. Kwetu hapa mtu akiugua, anayebeba sufuria la wali ni mimi. Anayepanga zamu za kumwona mgonjwa ni mimi. Na nilijua pia watu wanasema nini kwenye lifti wakishatoka kumwona, kwa kuwa nilikuwa nasema nao.

Kansa ya utumbo mkubwa, kule chini kabisa. Walinipasua mwezi wa kumi. Nilipoamka, upande wa kushoto wa tumbo palikuwa na kipande cha utumbo wangu kimechungulia nje, chekundu kama ndani ya mdomo, na juu yake mfuko. Haja kubwa sasa inapita hapo. Nesi alinieleza taratibu, kwa upole, kama anamweleza mtu habari za chumba kipya alichopanga. Nikamwambia nimeelewa. Nikageukia ukutani.

Jioni ile simu ya binti yangu Neema ikaita. Alikuwa ni Mama Nadine, Mrundi wa Buyenzi kule Bujumbura, rafiki yangu wa miaka mingi, jirani wa jengo la pili na jirani yangu bustanini. Neema akanikodolea macho.

"Mwambie nimekwenda nyumbani," nikanong'ona.

"Nyumbani wapi?"

"Makete. Shangazi anaumwa."

"Shangazi yupi, Mama?"

"Yeyote."

Basi ndivyo nilivyosafiri.

Niliona ni jambo dogo. Wiki sita nitapona, nitarudi, nitasema shangazi hajambo. Ndipo daktari akaniambia bado dripu nane, moja kila baada ya wiki tatu, mpaka mwisho wa mwezi wa nne. Nikahesabu kwa vidole. Shangazi angehitaji kuumwa sana.

Dripu yenyewe haikuuma. Kilichokuja baada yake ndicho kilichonifunga. Dawa ile inafanya mwili uogope baridi. Sisemi kusikia baridi, nasema kuogopa. Ukishika mpini wa friji vidole vinapigwa kama umeshika waya wa umeme. Ukinywa maji ya bomba koo linajikaza unadhani unakufa. Hewa ya nje ikiingia puani, kifua kinagoma. Sasa niambie, dawa kama hiyo unampa mtu Stockholm mwezi wa kumi na mbili. Ndani ya nyumba yangu nilifungua friji nimevaa glavu za sufu. Niliosha vyombo kwa maji ya kuchemka. Dirisha sikuligusa.

Kwa hiyo nilikuwa na kufuli tatu: baridi, mfuko, na mdomo wangu mwenyewe. Ile ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Jengo letu lina familia nne za Kiswahili. Nilitembea kwa soksi ili wa chini wasisikie. Neema akiwa kazini sikuwasha taa ya jikoni. Nilimsikia mke wa mchungaji wetu kwenye ngazi akimwambia mtu kwamba Mama Neema amekwenda kula viazi vya kwao, atarudi amenenepa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, kilo kumi na nne zimekwisha kutoka.

Hospitali nilikwenda kwa teksi ya wagonjwa, saa moja asubuhi bado giza, shali mpaka kwenye macho. Chumba cha kusubiri kilikuwa na viti vya kijani na jagi la juisi baridi ambayo sikuweza kuinywa. Siku ya dripu ya tatu akaingia kijana Mkongo akipiga deki, simu ameibana kwa bega, anaongea Kiswahili na mkewe kuhusu mtoto mwenye homa. Nikanyakua gazeti nikajifunika. Lilikuwa gazeti la bustani. Kando yangu alikaa mzee mmoja Mswidi mwenye mikono mikubwa, jina lake Lennart, naye ni wa dripu.

"Unalima?" akaniuliza.

"Viazi na maharage," nikamjibu bila kushusha gazeti.

"Viazi gani?"

Nikashindwa kunyamaza. Mtu akiniuliza viazi siwezi kunyamaza. Nikamweleza matuta ya Makete, jinsi tunavyoyainua juu ili mvua isiozeshe, na umande unaoganda mwezi wa saba mpaka majani yanaungua yanakuwa meusi. Akashangaa Afrika kuna baridi ya kuunguza viazi. Akanieleza ya kwao Södermanland. Tulizungumza viazi saa nzima, mpaka ndani kwenye dripu, sindano mkononi, na sikukumbuka kutapika. Yule kijana Mkongo alikwishaondoka zamani, na kona za chumba cha kusubiri hakuzipiga deki hata moja. Ningekuwa bosi wake angerudia.

Nataka kueleza habari ya bustani, maana ndiyo iliyonisumbua kuliko ugonjwa.

Nyuma ya Akalla, ukivuka barabara, nyumba zinakwisha ghafla na mashamba yanaanza. Kuna bustani za kukodi kule, vipande vipande, kila mtu na chake. Changu nilikisubiri kwenye foleni miaka mitano. Kwetu mashamba ya baba waligawana kaka zangu. Hiki kilikuwa kipande cha kwanza duniani kilichoandikwa jina langu. Niliweka matuta ya Kikinga, ya kwetu Makete, viazi, maharage, maboga kwa ajili ya majani. Mama Nadine alikuwa kipande cha pili, na kazi yake ilikuwa kunicheka.

Sheria yao ni moja: kipande kisicholimwa hadi mwisho wa mwezi wa tano anapewa anayefuata kwenye foleni. Hawaulizi sababu mara mbili.

Mwezi wa tatu nikamwambia Neema anilimie. Neema anafanya kazi kiwanda cha dawa Södertälje. Kutoka Akalla ni treni ya chini ya ardhi halafu treni ya mkoa, saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Akirudi anapika, anafua mashuka yangu. Alikuwa amekonda kama mimi.

Akanijibu Kiswidi, kama kawaida yake akikasirika. Alisema hivi: "Nitalima. Lakini waambie kwanza. Mimi sishiki jembe mbele ya Mama Nadine halafu nimdanganye tena usoni."

"Nimekuzaa mimi."

"Ndiyo. Na umenifanya mwongo. Juzi wameniuliza shangazi anaumwa nini. Nimesema miguu. Mara ya kwanza nilisema moyo, Mama. Sasa kanisani wanamwombea moyo na miguu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango, na tangu siku ile tukaishi kama wapangaji wawili.

Nikaamua kumtuliza Mama Nadine mwenyewe, kwa simu, namba imefichwa. Usiku mmoja nilikaa juu ya kitanda changu Akalla nikampigia kutoka Makete.

"Wee mwanamke! Huko hali gani?"

"Mvua tu," nikasema. "Nimekwama. Barabara mbaya."

Hapo hapo gari la kusukuma theluji likapita chini, lile sepeto lake likikwaruza lami. Nikalisikia dirishani, na nikalisikia tena ndani ya simu, kwake.

"Huko nako kuna trekta?" akauliza.

"Wanalima."

"Usiku huu wa Afrika?"

"Kaa na Mungu, kadi inakwisha," nikakata.

Sikumpigia tena.

Mwezi wa nne ulipoingia, nilianza kuishi kwenye upenyo wa pazia. Dirisha la jikoni linatazama mashamba. Theluji ilitoka kidogo kidogo, ikaacha nyasi za mwaka jana zimelala, rangi ya mbwa. Nilishtuka. Ilikuwa Makete kabisa, ile Makete ya mwezi wa saba baada ya barafu ya usiku, mabonde yamejaa ukungu na kilima kimetoa kichwa tu. Miaka ishirini na nne nimeishi nchi hii na sikuwahi kuiona hivyo, maana mwezi wa nne siku zote nilikuwa kazini. Nilivuta kiti. Nikawa nakaa pale tangu asubuhi mpaka Neema anarudi.

Niliwaona korongo wakipita juu, miguu nyuma. Niliona ukingo wa mtaro umetoka madoa ya manjano, yale maua madogo yanayochanua kabla ya majani yao. Nikamwomba Neema aniletee moja. Alileta matano kwenye kikombe cha kahawa na akayaweka mbele yangu, na tangu jioni ile tukaanza tena kusalimiana. Baadaye ile miti yenye magome meupe ikaanza kuwa na kivuli cha kijani ambacho ukikitazama sana kinapotea. Nilikitazama kila siku kama mtu anayengoja ugali uive. Kama umo ndani na umefungwa, tafuta dirisha lenye kitu kinachoota. Hakikuponyi. Lakini ile dripu ya saba, ambayo ndiyo ilinivunja, niliipita kwa sababu nilitaka kujua yale majani yangetoka lini.

Dripu ya nane ikaisha. Nesi aliyenitoa sindano alinipashia blanketi kwenye mashine, akanifunika, akaniacha nilale nusu saa zaidi ya zamu yangu. Huyo simsahau. Wiki chache baadaye baridi ikaacha kunitisha. Nikashika kitasa cha dirisha kwa mkono mtupu, nikalifungua, nikavuta hewa mpaka chini. Nyayo tu ndizo zilibaki na ganzi, kila hatua kama nakanyaga punje za mahindi, na hata leo bado.

Hapo barua ikaja kutoka chama cha bustani. Kipande changu hakijaguswa. Zimebaki siku kumi.

Nilimficha Neema barua ile. Siku zikapita nane huku najidanganya kwamba kesho nitakuwa na nguvu. Zilipobaki mbili, nikaamka saa kumi alfajiri. Mwezi wa tano saa hiyo ni kweupe kabisa, lakini watu wamelala. Nikavaa koti la Neema lenye kofia, nikabeba jembe langu, nikashuka kwa ngazi ili lifti isipige kengele.

Sitaeleza sana nilivyojisikia nilipovuka barabara. Nilitembea polepole. Miti ya kando ya njia ilikuwa imechanua meupe na harufu yake ilikuwa nzito kama ya asali. Kuna ndege mdogo alikuwa juu sana, haonekani, anaimba bila kupumua. Kipande changu kilikuwa kimejaa majani mabaya mpaka magotini. Niliinua jembe nikapiga. Nikapiga la pili. La tatu, kitu kikavutika pembeni ya mfuko, ndani, kama mtu amekamata nyama kwa koleo. Daktari alikwishanikataza kuinua na kuinama. Nikaketi chini. Nikajaribu kuinuka, miguu ikakataa.

Nikabaki pale. Ningesema uongo nikikwambia nilikuwa na huzuni tu. Udongo ulikuwa umeanza kupata joto juu, baridi chini, na nilizamisha mikono mpaka kwenye kifundo. Haukunipiga umeme. Ulikuwa udongo. Nililia kidogo, nikiwa nimeunusa, na mgongo ukipata jua la kwanza.

Ndipo nikasikia hatua, na mtu akiimba chinichini wimbo wa kwaya.

Mama Nadine, kitambaa chekundu kichwani, jembe begani. Akasimama.

"Umerudi lini?"

"Jana," nikasema.

"Na ndege gani?"

Alikuwa ananitazama kuanzia kofia ya Neema mpaka soksi. Alitazama shingo yangu.

"Mama Neema. Weye hukwenda mahali."

"Sikwenda."

"Miezi saba."

"Ndiyo."

"Na ile trekta?"

"Ilikuwa ile ya theluji."

Nilidhani atacheka, maana ni mtu wa kucheka. Alishusha jembe taratibu. "Miye nimesimama kanisani, nimekuombea safari njema. Mara ngapi? Nimemwambia Mungu akutunze kwenye barabara za Makete. Anakuona umekaa Akalla, na miye ananisikia nasema barabara. Umenifanya mjinga mbele ya Mungu."

"Nilikuwa naumwa."

"Na miye nilipojifungua mtoto akafa, nani alinikanda na maji ya moto? Nilikuambia nimesafiri?"

Ni mimi niliyemkanda.

Akaokota jembe lake. "Unajua nilikuja kufanya nini? Zimebaki siku mbili. Nilikuja kulimia mtu aliye safarini asinyang'anywe kipande chake. Sasa mtu mwenyewe yupo. Ajilimie."

Akanipa mgongo. Akaanza kwenda.

Nilimtazama akienda hatua kama kumi. Mimi sijui kuomba, sikuwahi kujifunza. Niliomba kazi mara moja tu maishani, ile ya kwanza, na nilisema nitafanya, sikusema tafadhali. Nikaona kipande changu, lile jina kwenye kibao kidogo cha mbao. Nikafungua zipu ya koti, nikapandisha blauzi.

"Nadine," nikamwita kwa jina la mwanawe, bila umama. "Tazama."

Aligeuka. Akatazama mfuko, na kovu, na mbavu. Nilikuwa najua kila neno ambalo angeweza kulisema kwenye lifti.

"Inauma?" akauliza.

"Huo hauumi. Nikiinama ndiyo inauma. Siwezi kulima. Wananinyang'anya kesho kutwa, na siwezi kulima. Naomba unilimie."

Akarudi. Aliniinua kwa kwapa kama gunia, akanipeleka kwenye kile kibanda chake cha zana, akatoa kiti cha plastiki. Lakini hakukiweka kivulini. Alikibeba mpaka ukingoni, kwenye njia kuu ambayo watu wote wa bustani hupita, akakikita pale.

"Nitalima chote," akasema. "Lakini utakaa hapa. Kofia uvue."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nimalize. Ukiondoka, naacha tuta katikati."

"Watu watapita."

"Leo Jumamosi. Watapita wote."

Nikavua kofia. Nywele zilikuwa zimebaki chache, kama nyasi za mahali palipokanyagwa. Nikakaa. Alianza kulima, na analima vibaya, Warundi wa mjini hawajui tuta. Nilivumilia manne.

"Hayo ni matuta au makaburi ya kuku?"

"Mgonjwa anyamaze."

"Inua juu zaidi. Kiazi kitaoza."

"Makete kwenu ndiyo wanainua hivyo? Wewe si umetoka huko juzi?"

Jua likapanda. Wa kwanza kupita alikuwa mama mmoja wa Kiiraki, akanipungia mkono kama kila mwaka. Wa pili Mswidi na mbwa wake. Hao hawakuwa tabu. Saa nne asubuhi nikamwona mke wa mchungaji anakuja na ndoo ya miche, sketi yake ya maua, anatembea upesi. Aliniona kwa mbali. Akapunguza mwendo. Akasimama mbele yangu akiwa bado ameshika ndoo, na uso wake ulikuwa unatafuta pa kushika.

"Mama Neema. Shikamoo. Karibu tena. Habari za Makete?"

Nyuma yangu jembe likanyamaza. Nilijua Mama Nadine amesimama, ameegemea mpini, ananisikiliza. Nusu ya kipande ilikuwa tayari, udongo mweusi umeinuka. Nusu bado majani.

"Marahaba," nikasema. "Sikwenda Makete. Nilikuwa pale juu, dirisha lile la ghorofa ya tano. Nina kansa ya utumbo, wamenikata, natembea na mfuko tumboni. Shangazi yangu alikufa zamani, msimwombee."

Alishusha ndoo. Alitazama dirisha, akanitazama mimi, akaliangalia dirisha tena. Kisha akakaa kwenye nyasi karibu na miguu yangu, na sketi yake safi, akanishika kifundo cha mguu, ule mguu wenye ganzi, akabaki ameushika.

Kwa mbali niliwaona wengine wawili wa kwaya wanavuka barabara. Nikataka kuinuka.

"Kaa," akasema Mama Nadine, na jembe likaanza tena. "Bado matuta sita."